Kobe Aliyepimwa Bila Mzigo

Wifi yangu alichanwa mkono na kioo saa nne asubuhi, na kompyuta ikaandika kwamba hakuguswa.

Kobe ndilo jina tulilolipa toroli linalojiendesha lenyewe katika ghala la vioo. Wifi, dada wa mume wangu, alikuwa mfungaji wa mizigo pale, na ndiye aliyeniombea kazi ya usafi. Miaka mitatu nilifagia mchana, jioni nikaenda darasa la programu na mwanangu mgongoni, yeye analia, mimi naandika. Mtaalamu aliyemtunza Kobe alipoacha kazi, meneja akanikabidhi mimi. Wifi alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kioo kimemwangukia mtu.

"Lakini hicho kidude chako kikinigusa, wifi, nakurudisha kwenye ufagio wako," aliniambia.

"Hakiwezi kukugusa. Kwake wewe ni duara."

"Mimi duara? Mnamwona huyu! Yaani nimenenepa kidogo tu, mpaka kompyuta imeshaambiwa!"

Ndivyo ilivyokuwa: ndani ya programu kila kitu ni umbo. Rafu ni mstatili, nguzo ni duara, mtu naye ni duara. Kamera za darini zinaonyesha kila umbo liko wapi, na programu inapima umbali kutoka ukingo wa Kobe hadi ukingo wa umbo lililo karibu naye. Ukifika chini ya sentimita hamsini, Kobe anasimama. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisisitiza tusiamini vipimo vya kwenye karatasi. Chora kitu chenyewe kwa chaki sakafuni, halafu pima chaki. Nikapiga magoti nikamzungushia Kobe chaki akiwa ametulia kwenye chaji, nikapima, nikaingiza. Niliitazama michoro ile kama nguo niliyoishona kwa mkono wangu.

Wiki sita tulipokea vioo vidogo vya madirisha, vyote vikikaa ndani ya chaki yangu. Asubuhi ile vikaja vioo vya maduka, virefu, na kila kimoja kilitokeza nje ya Kobe sentimita sabini huku na sabini kule. Wifi alikuwa ameinama anakaza kamba, amempa Kobe mgongo. Pembe ya kioo ilimwingia juu ya kiwiko.

Walipokwisha kumpeleka hospitali, meneja aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta.

"Soma."

"Saa nne na dakika saba. Umbali wa karibu zaidi, sentimita sitini na mbili."

"Kwa hiyo Kobe hakumfikia. Mwenyewe kateleza, kaangukia kioo. Uzembe. Tia saini hapo chini."

Nikatia. Damu yake ilikuwa bado kwenye kiatu changu, nami nikaiamini ile namba, kwa kuwa kompyuta niliifundisha mwenyewe kuhesabu.

Alasiri nilishuka kufuta sakafu. Hakuna aliyenituma. Kobe alikuwa amerudishwa kwenye chaji na mzigo wake wote, na chini yake chaki yangu, ndogo, na vioo vimeipita pande zote mbili. Nilichuchumaa pale.

Nilirudi kwa meneja. "Kosa ni langu. Nilimpima akiwa mtupu. Programu haikujua kama kuna kioo."

"Umeshasaini."

"Nipe karatasi nyingine."

"Mama, sikiliza. Ukiandika hivyo, wewe unaondoka. Na yeye harudi. Mfungaji wa mkono mmoja nimpeleke wapi?"

Niliandika hata hivyo, nakala mbili, moja nikaipeleka mwenyewe kwa mkaguzi wa usalama kazini. Nilijidanganya kwamba ukweli ukishasemwa, kitu fulani kitarudi mahali pake. Baada ya siku nane jibu likaja: mfungaji hakuzembea. Mimi niliambiwa nikabidhi funguo. Kobe aliongezewa sentimita sabini kila upande, mistari miwili tu ya programu, akaendelea na kazi.

Nilikwenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa, mtoto mgongoni. Wifi alikuwa amekaa kitandani, vidole vikichungulia kwenye bandeji.

"Wamefuta ule uzembe, wifi. Imeandikwa kabisa, hukuteleza."

"Sikuteleza?" Alinitazama. "Sasa ilikuwaje?"

"Ni mimi. Nilimpima Kobe bila mzigo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akageukia ukutani.

"Siku zote hizi nimejiambia labda kweli nilizembea," alisema wifi. "Iliniuma, lakini ilikuwa yangu, nimeshaizoea. Hii sasa niiweke wapi? Na kaka yangu, nitamwambia nini juu ya mkewe?"

"Nisamehe, wifi."

Mwanangu alikuwa ameshamwona shangazi yake, akajisukuma mgongoni kwangu akimnyooshea mikono na kucheka. Nilimfungua nikamkalisha kitandani. Wifi alimpokea kama alivyozoea, mkono wa kulia chini ya kwapa. Vidole vitatu havikukunjika. Mtoto akaanza kuteleza kuelekea ukingoni, bado anacheka.

"Mchukue," alisema wifi. "Mchukue kabla sijamwangusha."