Andiko Lililoshinda

Hakuna mtoto anayeota kwamba akikua ataandika maombi ya ufadhili. Ndiyo maana ofisi ile ya ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, ilikuwa ya watu waliotoka kwenye kazi nyingine, na kila mmoja aliitwa kwa kazi aliyoiacha. Mwenye ofisi aliitwa Mhariri. Aliongoza gazeti kwa miaka kumi na nne, mpaka likakata roho mikononi mwake. Mzee wa meza ya dirishani aliitwa Karani. Alipiga chapa hukumu za mahakama mpaka akastaafu, na macho yake yaliona nukta iliyokosekana hata kwenye ukurasa wa tisini. Wa tatu alikuwa Nesi, mama wa miaka hamsini na mmoja, aliyezalisha wanawake miaka kumi na tisa katika nyumba ndogo ya uzazi mtaani kwake. Mfadhili wa nyumba ile alipochoka, akaondoka, milango ikafungwa, na Nesi akabaki na ujuzi wake mikononi kama mtu aliyeshushwa njiani na mizigo yake.

Asasi zisizokuwa na mtu wa kuandika ndizo zilizopanda ngazi zile: za yatima, za visima, za wasioona. Kazi ya wale watatu ilikuwa kuzigeuza shida za watu kuwa kurasa arobaini, ili mtu wa mbali asiyewajua azisome na kusema ndiyo. Mhariri aliandika ukurasa wa kwanza, kwa kuwa alijua msomaji huchoka wapi. Karani alishika mwongozo wa mfadhili kama alivyoshika vitabu vya sheria zamani, akapima hata nafasi kati ya mistari. Nesi alipewa kila kilichohusu mwili wa binadamu.

"Huyu ndiye anayetuzuia tusiseme uongo wa kijinga," Mhariri alipenda kuwaambia wateja. "Mimi na Karani tunaujua ule wa kiungwana tu."

Wateja walicheka, na Nesi alicheka nao.

Asubuhi moja akaingia kijana nadhifu, mkurugenzi wa asasi changa, akaweka picha mezani. Nesi hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Aliujua ule mlango wa kijani na lile bati la kibarazani lililopinda tangu mwaka wa upepo mkali. Asasi ilitaka kuifungua upya nyumba ya uzazi.

"Unapafahamu, mama?" Mkurugenzi aliuliza.

"Napafahamu? Mwanangu, mgongo wangu uliharibikia pale."

Alipomweleza, kijana yule aliinuka, akamshika mikono yote miwili. "Basi nimefika nyumbani. Mama, tukipata hizi fedha, msimamizi wa wodi ni wewe. Nimtafute nani mwingine?"

Jioni Nesi alimsimulia mumewe, fundi seremala asiyekuwa na haraka na jambo lolote. Mume alisikiliza huku akilainisha mguu wa kiti kwa msasa.

"Amekuandikia?"

"Amenishika mikono, mume wangu. Mbele ya watu."

"Nimekuuliza karatasi, wewe unanijibu mikono," alisema. Lakini alipoona uso wa mkewe ulivyong'aa, akarudi kwenye msasa wake.

Kwa wiki tatu Nesi aliandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Aliandika vitanda vingapi na viwekwe upande gani ili mkunga mmoja awaone wazazi wote. Aliandika kwamba tangi la maji liinuliwe, kwa sababu lile la zamani maji yake yalifika bombani kama machozi. Aliandika gari la wagonjwa lilale palepale uani. Mhariri alisoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hapa sina cha kugusa."

Wakafika kwenye jedwali la watumishi. Karani akafungua mwongozo. "Msimamizi wa wodi. Akiwa na shahada, mfadhili anatoa alama tano. Akiwa na cheti, alama mbili."

"Andika shahada, kaka," alisema Nesi.

Karani alimtazama juu ya miwani yake. "Dada, wewe una cheti."

"Mkurugenzi ameshanihakikishia. Hiyo ni ya kuwapendeza wafadhili tu."

"Nimepiga chapa hukumu nyingi za watu waliosema karatasi ni karatasi tu."

"Kaka, tukikosa hizo alama tatu nyumba haifunguliwi. Andika."

Karani akaandika. Ukawa ukurasa wa thelathini na mbili.

Kilichobaki kilikuwa kisa. Mhariri alitaka mtu mmoja, mwenye umri, mwenye mama, ili msomaji asiweze kuliweka andiko chini. Nesi alijua atakachokiandika, na alijua ni kwa nani lazima aombe kwanza.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mwanamke aliyeitwa Bibi Pacha. Binti yake wa pekee alijifungua mapacha katika ile nyumba ya uzazi, mwaka wa mwisho kabla haijafungwa, na damu ikakataa kusimama. Gari la wagonjwa liliitwa saa nne asubuhi, likafika saa nane. Nesi ndiye aliyemshika. Na ni Nesi aliyetoka kibarazani kumwambia mama mtu kwamba binti hakulia wala hakuhangaika. Aliishiwa nguvu polepole, akafumba macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Ilikuwa kweli, kila neno. Kwa maneno yale Bibi Pacha alipata kulala, akapata kula, akapata kulea wale watoto wawili ambao sasa walikuwa na miaka mitano.

Nesi alimkuta akishona sare za shule. Alieleza shida yake akiwa bado amesimama mlangoni.

Bibi Pacha alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Itasaidia pafunguliwe?"

"Nadhani itasaidia, dada."

"Basi andika, mdogo wangu. Jina ulifiche. Ila usimwandike analia. Hakulia. Wewe ulikuwepo."

"Siwezi kuandika hivyo, dada. Sikuona hivyo."

Akaandika nusu ukurasa tu. Mwanamke analala, saa zinapita, watoto wawili wanalia chumba cha pili na mama yao yuko kimya. Aliona ule ukimya unatosha.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa, mwisho saa sita mchana. Saa tano na nusu Mhariri akamwita apitie mara ya mwisho, kisha atume mwenyewe, kwa kuwa andiko lilikuwa lake. Nesi akafungua ukurasa wa pili, kwenye kile kisa, akasoma. Mwanamke wa pale hakuwa kimya tena. Alipiga mayowe. Alimwita mama yake mara tatu, akasihi asiachwe afe, na mkono wake ukashika ukingo wa kitanda mpaka kucha zikavunjika.

"Nani kaandika haya?"

"Nani tena?" Mhariri alijibu bila aibu. "Nesi, maandiko mia mbili yako mezani kwa watu wale. Mtu wako anakufa kimya kimya, na msomaji naye anapita kimya kimya."

"Nilimwahidi mama yake."

"Mama yake atasoma andiko la mradi?"

Nesi akamgeukia Karani. Mzee yule aliinamisha uso kwenye viambatisho, akazipanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Rudisha langu," Nesi alisema.

"Haya," alisema Mhariri, akasogeza kiti pembeni ili ampishe. "Mashine hiyo hapo. Rudisha mwenyewe. Ila tukikosa, utakwenda wewe kuwaeleza akina mama wa mtaa wako."

Alikaa. Aliutazama ule mstari wa kucha kwa muda mrefu. Akafikiri juu ya wodi, vitanda, tangi lililoinuliwa, yeye mwenyewe amesimama katikati akiwaona wazazi wote. Saa sita kasoro dakika nane akabonyeza kutuma. Hakubadilisha hata herufi.

Andiko lilishinda. Mhariri alinunua soda, Karani akaimba, na Mkurugenzi alipiga simu akilia kwa furaha. Mwezi mmoja baadaye tangazo la kazi likatoka. Nesi aliomba kama kila mtu, kwa heshima, akijua moyoni kwamba ni utaratibu tu. Hakuitwa hata kwenye usaili. Akapanda mwenyewe ofisini kwa Mkurugenzi.

Kijana yule alimkaribisha kiti, akamwita mama mara nne kabla hajasema kitu. Hatimaye akafungua andiko mezani. "Mama, mimi ningefanya nini? Mfadhili amelifanya hili kuwa mkataba. Ukurasa wa thelathini na mbili. Msimamizi awe na shahada. Mimi siwezi kubadilisha mlichoandika."

"Ulinishika mikono."

"Na bado nakuheshimu, mama. Kweli tena. Ripoti zetu zote za mradi tutaipa ofisi yenu."

Nesi aliangalia jedwali lile. Lilikuwa limenyooka vizuri, Karani hakuwahi kukosea. Akashukuru kwa muda wake, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Siku ya ufunguzi walialikwa wote. Bibi Pacha aliwekwa mstari wa mbele, mapacha wamevaa nguo mpya, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nesi alikaa nyuma. Palitolewa hotuba, palipigwa makofi, kisha mshereheshaji akasema atasoma kisa kilichogusa mioyo ya wafadhili. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Jina halikutajwa, lakini mtaa mzima ulijua ni nani aliyejifungua mapacha akafa pale. Alipofika kwenye mayowe alipandisha sauti. Alipofika kwenye kucha aliishusha, na wanawake wakashika vifua. Pacha mmoja akamwuliza bibi yake jambo. Bibi Pacha aliinuka, akawashika wote wawili mikono, akapita katikati ya viti mpaka nje, na watu wakampisha wakidhani ni uchungu wa kawaida.

Kesho yake mchana Nesi alikwenda kwa Bibi Pacha. Hakukaribishwa kiti.

"Dada, si mimi niliyeyaandika yale."

"Nani alikuwepo mle ndani zaidi yako?"

"Walibadilisha ofisini. Naapa."

"Na wewe ulisoma kabla hayajaenda?"

"Nilisoma."

Macho ya Bibi Pacha hayakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Nesi kuliko matusi. "Basi nijibu jambo moja niende nikapike. Mwanangu aliniita au hakuniita?"

"Hakuita, dada. Hakulia. Alilala tu, kama nilivyokuambia."

"Kama ulivyoniambia," Bibi Pacha alirudia. "Kwa sauti hiyohiyo. Miaka mitano nimeishi na sauti hiyo, na sasa sijui ni lini ulikuwa unanipaka mafuta. Siku ile, au leo."

"Dada, ninasema kweli."

"Labda. Lakini usiku sasa namsikia ananiita. Nenda, mdogo wangu. Watoto wanarudi sasa hivi, sitaki wakukute."

Toka siku ile hawakusalimiana. Mapacha, ambao walizoea kumkimbilia wakimwona kona ya mtaa, walifundishwa kupita upande wa pili. Mumewe alimshauri aache kazi. Nesi alijibu kwamba alishaachishwa kazi moja, ya pili ataiacha akiwa na pa kwenda. Mhariri, ambaye si kwamba hakuwa na moyo, alianza kumletea chai mezani bila kuombwa. Nesi aliiacha ipoe.

Miezi mitatu ikapita, na Mkurugenzi akatimiza alichosema: ripoti ya kwanza ya mradi ililetwa kwao iandikwe. Nesi aliichukua kabla Mhariri hajanyoosha mkono. Alikwenda kwenye daftari la wodi, akahesabu majina mwenyewe, akarudia mara mbili. Msimamizi mpya, msichana mwenye shahada yake, alimwuliza kwa adabu vile vitanda ni nani aliyevipanga vizuri hivyo.

"Sijui," Nesi alisema.

Akarudi ofisini, akaandika: wazazi thelathini na mmoja, watoto thelathini na wawili, wote hai. Mhariri akasimama nyuma yake akasoma.

"Tuongeze kisa kimoja kidogo," alisema. "Mama mmoja, anashukuru."

"Jaribu kuigusa," Nesi alisema bila kugeuka.

Mhariri akarudi mezani kwake. Nesi akatuma ripoti ilivyo, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwa njia ndefu, ile isiyopita mlangoni kwa Bibi Pacha.