Uchu wa Lugembe

Sista Apolinaria alipoingia wodini asubuhi na sufuria ya uji, alikuta wanaume wawili katika kitanda cha Lugembe. Mmoja alikuwa Lugembe mwenyewe, amelala fofofo. Wa pili alifanana naye kwa kila kitu, hata lile kovu la pajani, ila yeye alikuwa macho, anatetemeka, amelikazia macho kabati la dawa.

"Shikamoo," Apolinaria akamwamkia.

"Sindano," yule akajibu.

Apolinaria akamletea blanketi na bakuli lake.

Wodi ilikuwa ghala la zamani la asali pale Kanyenye, mjini Tabora, lililojengwa enzi za misafara. Kuta bado zilinuka nta, na nyuki waliingia wapendavyo. Daktari Masolwa, kijana wa Igunga aliyesomea ng'ambo, alipewa ghala hilo afanyie utafiti. Alitaka kujua kama vidonge vinavyotibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, vinaweza kupunguza uchu wa watu waliozoea mofini, sindano ya kutuliza maumivu.

Lugembe hakuzaliwa na uchu huo. Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, yeye na jirani zake walitolewa kwenye mashamba yao upande wa Nzega, wakapakiwa lorini. Dereva alisema mapema kwamba breki hazishiki. Akaambiwa aache kupinga maendeleo. Lori likapinduka mtoni. Kashindye, binti wa Lugembe, akafa palepale, na Lugembe akavunjika paja. Alikolazwa walimchoma mofini hadi mfupa ukaunga, kisha wakamwambia kwaheri. Nyumbani akawa halali wala hali. Alipovunja dirisha la zahanati kutafuta sindano, mgambo walimfunga kamba. Ngollo, mkewe, ndiye aliyemfungua na kumleta Tabora.

Daktari Masolwa alipoonyeshwa yule mtu wa pili, alimpima uzito na kumpiga picha.

"Huu ni uchu wako, mzee," alimwambia Lugembe. "Ukishatoka nje, kazi iliyobaki ni kuupunguza."

Ukapungua kweli. Kadiri Lugembe alivyoendelea kumeza vidonge, Uchu alifupika, akawa kimo cha mbuzi, kisha akawa wa kukaa ndani ya bakuli la uji. Ngollo alimfunika kawa ili nyuki wasimsumbue. Lugembe akaanza kula. Akauliza kama mvua imenyesha kwao. Siku moja alimlilia Kashindye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Ngollo akalia naye mpaka uji ukapoa.

Daktari alipopita, Lugembe akamshika mkono.

"Mwanangu, nataka kukueleza habari za lile lori."

"Pole sana, mzee wangu," daktari akasema kwa upole. "Lakini hilo halimo katika utafiti."

Haukupita muda, Ngollo akamkuta daktari anapakia makopo ya vidonge garini.

"Unayapeleka wapi?"

"Utafiti umekwisha, mama. Tumethibitisha kwamba dawa inafanya kazi."

"Inafanya kazi, ndiyo maana unaiondoa?"

"Hii ni dawa ya utafiti, mama, si ya hospitali. Nakwenda kuwasomea wenzangu matokeo."

Sista Apolinaria akasimama mlangoni, mikono ameitanua huku na huku. "Na hawa uliowapa matumaini? Watu hawa si panya wa maabara, daktari!"

Daktari Masolwa akamwomba radhi kwa adabu zote, akainama, akapita chini ya mkono wake na kopo la mwisho.

Uchu akaibinua kawa. Siku Lugembe na mkewe walipoondoka Tabora, alikuwa amerudia kimo cha mtu mzima, na kondakta wa basi akamtaka asizibe njia, akae kitini kama abiria wengine. Kijijini, balozi wa nyumba kumi alimtazama mikono akaona inafaa, akampa jembe la shamba la ujamaa. Uchu alilima vizuri. Kila aliposimama kufuta jasho, alisema, "Sindano," na Lugembe, kwenye tuta la pili, alitetemeka hadi jembe likamponyoka.

Baada ya mavuno, redio ilitangaza kwamba daktari mmoja mzalendo amepongezwa ng'ambo kwa kuonyesha kuwa vidonge vya sonona huwasaidia watumwa wa mofini. Wanakijiji wakapiga makofi. Ngollo akazima redio, akajifunga kanga, akaenda zahanati.

Mganga alisikiliza jina la dawa, akatikisa kichwa.

"Dawa hiyo haijafika nchini, mama."

"Ilishafika," Ngollo akasema. "Mimi niliiona ikiondoka."

Mganga akampimia aspirini za wanaume wawili, akaita mgonjwa mwingine.