Bunduki ya Mkono wa Kike

Njiwa wa udongo si njiwa. Naanza na hili kwa sababu baba yangu alipolisikia mara ya kwanza, kwa simu, yeye akiwa Machame na mimi Durban, aliuliza kama huku nyama imeadimika hadi tunakula njiwa. Ni kisahani cha udongo, Baba, nikamwambia. Mashine inakirusha hewani, nawe unakipiga kwa bunduki ya marisau, zile risasi za chembechembe, kabla hakijaanguka. "Kimekukosea nini?" akauliza. Baba alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, tena ni mzee wa kanisa, na maswali yake mara nyingi hayajibiki.

Mimi naitwa Sia. Nina saluni Isipingo, kusini mwa Durban, jirani na stendi ya teksi, na kutwa nzima nasikiliza honi na ndoa za watu. Mwaka ule wa 1998 mume wangu Gadiel, injinia wa bandarini, alialikwa na wenzake wa kazini kwenye klabu moja ya shabaha huko juu, nyuma ya mashamba ya miwa. Yeye alifuata nyama ya kuchoma. Mimi nilipewa bunduki ya klabu nijaribu, nikakosa visahani vyote, na nikarudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipokuwa msichana. Saluni kila mtu ananivuta upande wake. Pale uwanjani kuna kisahani kimoja, anga, na mlio mmoja ambao ni wangu mwenyewe. Nikawa naenda kila Jumamosi.

Na kila Jumamosi nakosa. Nakosa kwa bidii, na jasho juu. Watu waliojiunga baada yangu walikuwa wanavunja visahani na kupongezana, mimi marisau yangu yanapita kushoto tu, kushoto tu, kisahani kinatua majanini kizima kabisa, ningeweza kukinywea chai. Mwalimu wa klabu, Pascal, Mkongo wa Lubumbashi anayevaa tai hata jua likiwaka, aliwahi kushinda vikombe kwao na hajaruhusu mtu yeyote asahau. Alinirekebisha miguu, akarekebisha kiuno, akarekebisha shavu. Mwishowe akasema labda nijaribu tenisi. Nilimwambia akacheze yeye.

Ndipo Baba akaja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kaka zangu wakaona mzee asikae peke yake na ile nyumba, wakampandisha ndege aje akae kwangu kwa muda. Nami nikataka kitu kimoja, nakisema wazi: nilitaka baba yangu anione nikipiga. Hajawahi kunisifu. Nikileta nafasi ya pili darasani, alikuwa anauliza ya kwanza kachukua nani. Alhamisi angerudi kwao, kwa hiyo Jumamosi ile ndiyo iliyobaki. Nilikwisha kuamua kwamba ubaya uko kwenye bunduki ya kuazima, na kwamba nikichagua yangu, nitapiga.

Lakini kuchagua huku si mchezo. Polisi wanatoa leseni kwa bunduki ile ile uliyoichagua, na hadi karatasi zitoke inakaa dukani kabatini ikikusubiri. Ukikosea, umekosea nayo. Gadiel alikuwa zamu bandarini, nikasema nitakwenda peke yangu, Baba akavaa koti.

"Bunduki hainunuliwi na mwanamke peke yake," akasema.

"Baba, hapa kila kitu kinanunuliwa na mwanamke peke yake."

"Ndiyo maana nakwenda."

Duka la bunduki liko mtaa wa Overport, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Nilimwambia tukifika kwenye robot tunakata kulia, akatazama barabara nzima akitafuta roboti, na nilipomwonyesha taa za barabarani akasema watu hawa wanapenda makuu. Pascal alikuwa anatusubiri mlangoni. Jumamosi asubuhi anauzia duka hilo, mchana anafundisha klabuni.

"Jambo yenu, Papa! Karibu sana, Maman Sia!"

"Jambo lenu," Baba akamsahihisha. "Au hamjambo. Mimi nakubali shikamoo."

"Voilà, Papa iko mwalimu," Pascal akasema, wala hakukasirika. Alikuwa ametandaza kitambaa cha kijani juu ya kaunta na kuweka bunduki tatu. Moja nzito, mitutu yake miwili imepandana, mmoja juu ya mwingine. Moja mitutu imelala sambamba, chuma chake kimechorwa kanga wawili wanaoruka, na kitako cha mti kinang'aa utadhani kimepakwa asali. Ya tatu ilikuwa kuukuu, ina mkwaruzo, kitako chake kimepinda upande ambao sikuuelewa. Hiyo sikuitazama mara mbili.

Mimi nilishachagua. Nilichagua tangu mlangoni. Wale kanga wawili waliniita kwa jina.

"Hapana, hapana," Pascal akasema. "Minakuambia kila siku, bunduki haichaguliwe na macho. Inachaguliwe na bega. Ikiwa refu, itakupiga kwa mkono wa juu. Ikiwa fupi, itakupiga pua. Ikiwa nyepesi sana, inaruka-ruka, utachoka mbele ya saa sita. Shika, tuone."

Aliifungua, akaonyesha kila mtu kwamba ni tupu, hata Baba akalazimika kuchungulia, akanipa. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, vile tulivyolelewa kupokea kitu. Nikaiweka begani. Pascal akasimama mbele yangu, akainama, akaniambia nielekeze mtutu kwenye jicho lake. Wapima bunduki wote wanafanya hivyo, eti, lakini Baba alisema "Yesu!" kwa sauti.

Pascal hakusogea. Alitazama mtutu, akanitazama mimi, akatazama tena mtutu. Kisha akajishika kichwa.

"Eish. Maman. Unaniangalia na jicho gani?"

"Yote mawili. Si ulinifundisha nisifumbe?"

Akanionyesha saa iliyotundikwa ukutani. Nyoosha kidole kwenye saa, macho wazi. Haya, fumba la kushoto. Nikafumba, na kidole changu kikahama kabisa, kikawa kinaonyesha kalenda. Fumba la kulia. Kidole kikarudi katikati ya saa, kikatulia hapo.

"Jicho ya kushoto ndiyo patron," Pascal akasema. "Ile ya kulia ni mfanyakazi tu. Bunduki iko kulia, jicho inapiga hesabu toka kushoto. Ndiyo maana unapiga kushoto kila siku! Lakini mi nilikuuliza! Siku ya kwanza nilikuuliza, unaandika na mkono gani?"

"Kulia."

"Nikauliza, unakula na mkono gani?"

"Kulia."

"Na kisu? Na mpira?"

"Kulia, Pascal. Kila kitu kulia. Mimi ni mtoto wa Mwalimu Yeremia."

Nilisema hivyo bila kumtazama Baba. Maana sasa nilikuwa nimeelewa. Pascal aliuliza maswali mazuri, ila aliyauliza kwa mtu ambaye majibu yake yalikwisha kuandikwa na mwingine. Nilipoanza darasa la kwanza, darasa la Baba mwenyewe, nilishika chaki kwa kushoto. Akachana kipande cha kanga ya Mama, akanifunga ule mkono kiunoni, nikakaa hivyo mbele ya wenzangu hadi wa kulia ukajifunza. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Wala sikujua kwamba jicho halikufungwa, liliendelea na yake.

Pascal akaeleza njia mbili. Ya kwanza, nibandike tepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani ya kupigia, nilifiche lile jicho, nichukue kanga wangu wazuri. Nitapiga, si sana, lakini nitapiga. Ya pili, nihamie bega la kushoto, nianze upya na bunduki iliyochongwa kwa watu wa kushoto. Akaigonga ile kuukuu.

"Abandike tepu," Baba akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia magotini, anaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. "Mtu mzima hashiki kitu kwa kushoto mbele za watu."

"Baba, ni bunduki. Si ugali."

"Kristo ameketi mkono gani wa Mungu Baba? Unaisema imani kila Jumapili. Mkono wa kuume."

Nina hasira za karibu, sifichi. Zilinipanda hapo hapo, mbele ya Pascal na tai yake.

"Ndiyo, wa kuume. Kuume, Baba! Si wewe uliyetufundisha neno hilo? Wa kulia mnauita wa kuume. Na wa kushoto mnauita mkono wa kike. Mimi ni nani? Mimi ni mwanamke. Mkono wangu ndio huo, uliufunga miaka yote, na leo nataka unirudishie!"

Pascal alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Nilimpigia kelele baba yangu dukani kwa watu, yeye mfiwa, na siku tano baadaye angepanda ndege. Nilijua nimevuka mpaka, na nilijua pia kwamba sitarudisha hata neno moja.

Baba akasimama. Akavaa kofia, nikadhani anaondoka. Badala yake akaja kaunta.

"Lete hicho kitu," akamwambia Pascal, akiionyesha ile kuukuu. "Nimwonyeshe huyu jinsi mtu anavyoshika bunduki. Nilikuwa nafukuza nyani kwenye mahindi na gobore la babu yake, yeye hajazaliwa."

Pascal akaifungua, akaonyesha tupu, akampa. Baba akapanua miguu, akaiinua haraka, kwa namna mtu anavyoinua kitu alichokizoea, na ikaenda begani. Shavu likalala kwenye kitako. Kidole kikatulia mahali pake. Kila kitu kilikuwa sawasawa kabisa, hata mimi mkosaji niliona.

Bega lilikuwa la kushoto.

Nadhani yeye ndiye aliyegundua mwisho. Alikaa hivyo, mtutu umeelekea dirishani, kisha nikaona macho yake yakishuka taratibu na kuutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba umeingia dukani bila kualikwa. Akaishusha bunduki, akailaza kwenye kitambaa.

"Nilidhani umekwisha," akasema.

"Baba?"

"Mama yangu alikuwa anaupaka pilipili. Kila asubuhi, hadi nikauacha." Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia. "Ulipoishika ile chaki, Sia, mimi niliogopa. Nilijua umeutoa kwangu. Nilidhani nimekuambukiza."

Mwalimu Yeremia ni mtu wa kusimama wima, hakumbatiwi ovyo. Nilimkumbatia. Kofia ilianguka, Pascal akaiokota na kujifanya anasoma chapa yake ndani.

"Chukua hiyo," Baba akasema juu ya kichwa changu. "Ile ya ndege ni ya kutundika ukutani."

Mchana tukapanda vilimani wote watatu, Pascal akiwa na ile kuukuu garini, maana bunduki ya kuuzwa yaruhusiwa kujaribiwa klabuni mikononi mwa mwalimu. Nikahamia bega la kushoto. Lo! Kila kitu kilikuwa kinyumenyume. Miguu haikujua ikae wapi, vidole viligombana, nilikuwa mjinga mpya kabisa. Kisahani cha kwanza nikakosa. Cha pili nikakosa, ila safari hii nilikosa kwa nyuma, si kushoto, na Pascal akapiga kelele kwamba hilo ni kosa la watu wazima. Niliendelea kukosa. Jua likaanza kuelekea magharibi, upande wa Pietermaritzburg, na Baba alisimama nyuma ya kamba, viziba masikio vikubwa juu ya kofia.

Nikaita kisahani kirushwe. Kisahani kikatoka chini upande wa miwa, kikapanda. Sikufikiri kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, na jicho lilikuwa limeshatangulia kufika, likiusubiri. Nikafyatua.

Kisahani kikawa moshi. Hakikuvunjika vipande viwili kama vya wengine. Kiligeuka vumbi jeusi angani, na vumbi likapeperushwa na upepo. Pascal akaanza kuruka huku ameshika tai. Mimi nikaifungua bunduki kama nilivyofundishwa, nikageuka haraka kumtafuta Baba.

"Umeona?" nikamwambia. "Baba, umeona?"

Alikuwa amesimama wima pale pale, na macho ameyafumba kwa nguvu, mikono imeshikana kifuani. Akafumbua moja, kisha la pili. Akanitazama mimi, akatazama anga tupu, akavua viziba masikio.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa nakuombea."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Baba akaivuka kamba, jambo ambalo haliruhusiwi, Pascal akatazama pembeni. Akachukua risasi mbili kutoka kwenye boksi, akazigeuza-geuza, akaninyooshea.

"Piga tena, mama," akasema. "Sasa natazama."