Teksti Haiseme

...na ule mwenye shamba, Sifa anasoma, kidole juu ya mustari, anatosha mu Kifransa anatia mu Swahili juu minyi tantine yake masomo niliachiaka mu troisième primaire, darasa ya tatu, ule mwenye shamba, jirani akamuuliza, nilime fashi yako? akanyamaza, jirani akalima, sasa swali namba saba, Tantine: kufuatana na teksti, mwenye shamba aliitika? A, aliitika, B, alikatala, C... na minyi sikungoya C, nikapiga mutwangio mu sombe, majani ya muhogo ya mangaribi, A! mutu akinyamaza ameitika, hata mbuzi ya hapa Kamina inajua ile! nikacheka mpaka mama Léonie ngambo ya ukuta ya lupango akacheka naye, hajue hata ni ya nini, ule mama... lakini Sifa hacheke.

"Njo C, Tantine. Teksti haiseme."

Haiseme namna gani, shamba inalimwa, unataka akupigie ngoma?

"Mwaka ilipita niliandika A, nikaanguka. Concours ya kuingia droit, masomo ya sheria, ni kesho. Baba alisema nikianguka tena, siku ya posho, hii Jumamosi, bantu ya Précieux bananibeba Kolwezi."

Bananibeba, njo amesema, hakusema ninaenda, eh, huyu mutoto, Précieux, ule mwenye atamuoa, iko na kazi mu machimbo ya mine, iko na moto ya kupanda, iko na meno yote, nini tena, na minyi nilizunguka quartier yote kuambia bantu Sifa ameitika, kwa pompi ya maji, kwa misa, hata kwa mama wa samaki ya ndakala mwenye hasikiake muzuri, juu ile siku bantu ya Précieux balileta pombe ya kumuposa, kaka yangu Kyungu alishika glasi sawa desturi, binti akiitika njo baba anakunywa, akamuuliza mbele ya bote, binti yangu, tukunywe ao tusikunywe? na Sifa akaangalia bidole ya miguu, akaangalia, akaangalia, na minyi, dada ya baba, nikapiga bigelegele, yuuu, mutoto ni haya tu! na kaka akakunywa, bageni bakakunywa, minyi nikakunywa mara mbili... alisema nini? ngoya, alisema... kuko sauti nilisikia, ndiyo, lakini ile ilikuwa yangu...

"Swali haiulize kile tunazoea," Sifa anasema, pole pole, "inauliza kile yeye alisema. Ile ingine yote, jirani njo aliongeza."

Jirani, anaita nani jirani, haniangalie, kidole iko tu pale, anasoma ao ananiambia... na kule Mulongo, wakati yangu ya kuposwa, tantine yangu naye alipiga bigelegele, nguvu kunishinda, glasi ikazunguka, na minyi, nilisema nini? ninatafuta, ninatafuta, hakuna, ni bigelegele tu...

"Tantine, uko mugonjwa? Hauseme kintu."

Nicheke, nimuambie A ni A, tumalize, ao niende kwa Kyungu nimuambie, kaka, ile siku tulikunywa juu ya sauti yangu, lakini pale tena nitamusemea, tena minyi, hapana, kwanza nimuulize, nimuulize na nisijibu, mutwangio ingali juu, sombe haijalainika, kidole yake ingali kwa namba saba, Sifa, ninasema, ile pombe, baba yako alikuuliza... ananyamaza, anaangalia bidole ya miguu, na kinywa yangu, Mungu wangu, inakuja, ile jibu inakuja, ninashika ile kinywa na mukono yenye kujaa sombe, ninangoya.