Chelel Kwenye Kamba ya Kaunti

"Mzee, nimesema hupiti." Askari aligonga tangi la pikipiki kwa kidole. "Kwani hukusikia redio? Kuna kirusi kipya. Nakuru imefungwa."

Kihara alikuwa amesikia. Nani hakusikia? Ijumaa serikali ilitangaza, na Jumamosi asubuhi kamba ya katani ilikuwa imekatiza barabara: huku Nakuru, kule Kericho. Ila habari ya ng'ombe haikutajwa popote.

Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga mtungi wa gesi baridi, na ndani yake mbegu za mafahali ambao hajawahi kuwaona.

"Ng'ombe aliingia joto jana jioni," alieleza. "Ikipita saa sita, basi. Ni wa mama mjane, hapo tu."

"Leta kibali."

"Kibali ni Jumatatu, boss. Joto halingoji Jumatatu."

Askari alicheka kidogo, lakini hakushusha kamba.

Simu ikalia. Alikuwa Cheptoo, mwenye ng'ombe. "Daktari, uko wapi? Shemeji amekuja na mtu wa bucha. Anasema Chelel akikosa hii mara ya tatu, anaenda. Na sina ng'ombe mwingine!"

Kihara aliona aibu. Zile mara mbili za kukosa, mkono ulikuwa wake.

"Mlete hapa kwa kizuizi," alisema. "Na maji ya moto kwa thermos."

Saa tano kasoro walifika, Cheptoo mbele na Chelel, shemeji na mtu wa bucha nyuma, barakoa kidevuni.

"Mimi sitoki Nakuru," Kihara alimwambia askari. "Yeye hatoki Kericho. Mgeuze, mama, matako yaje huku."

Ai! Askari alitazama kamba, akatazama ng'ombe. Kuhusu matako hakuwa amepewa amri yoyote. Akageuka kuangalia malori.

Kihara aliyeyusha mrija wa mbegu kwenye maji, akaukausha, akavaa glavu hadi begani. Chelel aliegemea kamba. Mkono uliingia polepole, ukapapasa, ukaishika shingo ya kizazi. Mrija ukafuata; safari hii hakuharakisha hata kidogo.

"Ameshika mimba?" shemeji aliuliza.

"Ngoja siku ishirini na moja. Asiporudi joto, ameshika."

Shemeji alikuna kichwa. "Haya. Ishirini na moja, si zaidi."

Kihara alijaza kadi: atazaa tarehe nne Januari. Cheptoo aliisoma mara mbili.

"Hiyo Januari utakuwa unavuka, daktari?"

Askari ndiye aliyejibu. "Hata sisi hatujaambiwa, mama."

Cheptoo akamwongoza Chelel nyumbani, polepole. Mtu wa bucha alibaki akikunja kamba aliyokuja nayo. Ile ya barabarani ilikuwa imelegea pale ng'ombe alipoegemea. Askari akaikaza.