Majina Matatu ya Laini ya Matiliku

Mwaka huu kampuni imetuletea kompyuta hapa kituoni. Kabla hujagusa swichi yoyote ya stima, inakuuliza jina lako, halafu neno la siri, halafu inakuuliza tena kama una hakika. Mwenzangu wa zamu, Mumbua, anaichukia. Anasema inamsumbua kama mtoto anayetaka sukari. Mimi naipenda, nami si mtu wa kupenda vitu ovyo. Kompyuta haina baba mkwe, haina aibu, na inauliza inachotaka kuuliza.

Naitwa Syokau. Kazi hii niliianza mwaka wa themanini na nne, msichana wa Form Four, maneno mengi, na niliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi kueleweka. Mafundi wakitaka kutengeneza laini, kiongozi wao ananiita kwa redio ya upepo, nami nazima stima. Wakimaliza, ananiita tena kunirudishia laini. Hapo sheria inanitaka, kabla sijawasha, nisome majina ya wote waliotoka siku hiyo, mmoja mmoja, kuanzia la kiongozi mwenyewe. Kwa kila jina yeye anajibu: "Yuko chini." Nami napiga alama kitabuni. Jina lisilojibiwa ni mtu aliye bado juu ya nguzo, na stima hairudi. Aliyeiandika sheria hiyo simjui, lakini hakuwa mjinga.

Kiongozi wa laini ya Matiliku alikuwa Mutie, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Siku hizo nilikuwa nikimtaja bila kufikiria.

"Mutie?"

"Niko chini, nitaenda wapi?" anasema, halafu anacheka peke yake.

"Nzuki?"

"Yuko chini."

"Muthama?"

"Yuko chini, lakini ana njaa. Washa stima twende."

Kisha mwaka wa themanini na sita nikaolewa na mwanawe, Mulei, mwalimu huko Kathonzweni.

Kwetu Ukambani mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamkazii macho, hapiti mbele yake ovyo, na jina lake halimtoki mdomoni hata akiulizwa na polisi. Hiyo tunaiita nthoni, na ni aibu na heshima kwa pamoja. Kanisani tumefundishwa kuacha mambo mengi, pombe, ngoma za usiku, waganga, lakini hili hakuna mchungaji aliyeligusa, maana hata mchungaji ana wakwe. Wiki ya kwanza mama mkwe wangu, Kalunde, aliniketisha jikoni akaniambia bila kuzunguka.

"Ukiwa na shida na yeye, utasema Mzee. Hiyo jina ingine imeisha."

Niliporudi kazini Jumatatu, saa kumi jioni redio ikaita. "Kituo, laini ya Matiliku imemalizika." Nikafungua kitabu. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake, kama kawaida. Nikafungua mdomo nikaufunga. Nimwulize baba wa mume wangu kama yuko chini, kama ninavyomwuliza mtoto kama amenawa? Tena hewani, mafundi wa wilaya nzima wakisikiliza?

"Mzee..." nikasema, nikakwama.

Na yeye alikwama. Kisha akasema taratibu, akiniita mwanangu kwa Kikamba, "Wacha hiyo, mwana wakwa. Nikikuambia laini ni yako, jua ni yako."

Niliona nimeokolewa. Siwezi kudanganya, nilimshukuru Mungu. Nikapiga alama tatu kitabuni, nikawasha stima, nikaenda zangu nyumbani. Ikawa hivyo kesho yake na siku zote zilizofuata, mwaka mmoja na miezi saba. Mabosi wakija kukagua kitabu, wanakuta alama zimepangwa vizuri kuliko za kituo chochote, wanatusifu. Mazoea yana taabu, walisema wa kale, ila hawakusema kwamba taabu yenyewe yaweza kumwangukia mtu mwingine kabisa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, themanini na nane. Upepo wa mvua ulikuwa umevunja vile vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya, na watu watatu walikuwa juu ya nguzo tangu asubuhi. Kufikia saa tisa walikuwa wamemaliza. Wakashuka, wakatoa na zile nyaya za kuishikiza laini ardhini, zinazomlinda fundi stima ikija kwa bahati mbaya. Muthama alibeba mfuko wa vyuma akaelekea kwenye gari. Mutie alimwona akienda, akageuka kuishika redio. Nyuma ya gari Muthama alikumbuka kwamba ameacha kamba ya kuvutia juu ya nguzo ya tatu, na kamba hiyo ilikuwa imeandikwa stoo kwa jina lake, ikipotea angeilipa. Alikuwa kijana mwepesi wa miaka ishirini na sita, mtu wa kijiji cha Tulia, hakuona sababu ya kumwita mtu. Akarudi, akapanda.

"Kituo, laini ni yako."

"Nimepokea, Mzee."

Nilipiga alama tatu. Nikapandisha mkono wa swichi. Ukaanguka wenyewe, pah! Nikadhani ni tawi la mti limegusa waya, jambo la kila siku msimu wa mvua. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika tena niipandishe mara ya pili, redio ikapiga kelele. Alikuwa Nzuki.

"Zima! Zima! Muthama ako juu!"

Alizikwa Tulia Jumamosi iliyofuata. Mutie alikwenda. Mimi sikwenda, nilisema naumwa, na kweli niliumwa, lakini si ugonjwa wa kukosa mazishi. Wiki tatu zilizofuata tuliishi boma moja bila kusema neno juu ya jambo lenyewe. Tungelisemaje? Mkwe na mkwe hawaketi wakaulizana. Alikuwa akirudi, anakunywa maji, anakaa nje akitazama mikono yake. Siku moja kabla ya kikao cha uchunguzi alinitumia ujumbe kupitia kwa Kalunde.

"Mzee anasema alama ziko kwa kitabu," mama mkwe akaniambia huku akipepeta mbaazi. "Anasema usiongeze kitu."

Nilimwelewa. Angebeba kosa lote. Angesema nilisoma majina, naye akajibu vibaya. Mume wangu akaniambia hivyo hivyo: nyamaza, baba ameshaamua. Nami, Mungu anisamehe, nililala nikiwa nimekubali.

Kikao kilifanyika ndani ya stoo ya kampuni, katikati ya marundo ya nyaya. Aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa Injinia Duale, mtu wa Wajir, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Mama yake Muthama, Nthenya, alikuja toka Tulia peke yake. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Kabla hawajaanza aliomba kuuliza jambo moja tu.

"Nataka kujua kama jina ya mwanangu ilisomwa."

Mutie alisimama. "Ilisomwa, mama. Huyu alisoma majina yote tatu. Akaniuliza Muthama, nikasema yuko chini. Sikuangalia. Makosa ni yangu peke yangu."

"Uliulizwa yeye?"

"Niliulizwa."

"Ukasema ako chini, na ako juu?"

"Ndio."

Nthenya alimgeukia. "Alikuwa anakuita baba," akasema. "Akija nyumbani ni wewe tu, baba amesema hivi, baba amesema vile. Na ukiulizwa yeye hukugeuza hata shingo." Hakupaza sauti. Mutie aliinamisha kichwa akaupokea mzigo wa jibu ambalo hakuwahi kulitoa, na mimi niliyeujua ukweli niliketi hatua mbili kutoka kwake, mikono imeshika kitabu.

Injinia aliandika, akageuza ukurasa. "Syokau, unakubaliana na maelezo hayo?"

Neno moja tu lilitakiwa.

"Hapana," nikasema. "Sikusoma."

"Mwana wakwa..." Mutie akaanza.

"Sikusoma jina lolote. Hakuulizwa. Ni mwaka mmoja na miezi saba sisomi."

Injinia alikivuta kitabu. "Na hizi alama?"

"Nilipiga tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jina la kwanza ni la baba wa mume wangu."

Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. "Kwani baba wa mume hana jina?"

Mafundi wote walitazama sakafu. Nzuki alikohoa. Nikamweleza kwa kifupi, nikiwa nimefunga macho, naye akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema samahani, ripoti inataka jina la kiongozi litajwe na aliyekuwa kwenye swichi, si na mtu mwingine.

"Mutie," nikasema.

Lilitoka dogo, kama la mtu nisiyemjua. Mzee alichukua kofia yake, akapita katikati ya watu, akatoka nje. Kampuni ilimwachisha kazi mwezi huo. Mimi walinisimamisha kwa muda kisha wakanirudisha, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kukaa redioni. Tuliishi naye boma moja miaka sita zaidi hadi alipokufa, na salamu zangu hakuzijibu tena. Wengine wanasema ni kwa sababu nilimtaja mbele ya watu. Mimi naamini ni kwa sababu nilikataa alichotaka kunipa.

Lakini siku ile, pale stooni, nilijua nimefanya la haki, na nilitaka, nakiri, mtu aniambie hivyo. Nikamgeukia Nthenya. Nilifikiri sasa atalia, au atanishukuru, au atanilaani.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Hata mimi baba wa bwana yangu amekufa miaka ishirini na sijamtaja."

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka.

"Lakini Muthama hakuwa mkwe wako," akasema. "Yake ilikushinda nini?"

Nilitazama kitabu kilichokuwa wazi mezani, ambapo majina mawili yalifuata lile la kwanza, yameandikwa kwa mkono wangu, hayana mwiko wowote.

"Haikunishinda, mama," nikasema. "Sikujaribu."