Mahindi Juu ya Mahindi

Safta alikuwa mkaidi, na kijiji kizima kilijua. Mumewe alipozikwa, shemeji yake Toader hakufika kumwaga udongo kaburini. Alikuwa na kombaini yake shambani akivuna ngano, akiikimbia mvua. Safta akaapa mbele ya padri kwamba gurudumu la mashine ile halitakanyaga tena shamba lake. Na kijijini hapakuwa na kombaini nyingine.

Basi ngano akaiacha. Mahindi hayataki mashine, yanataka mikono, na mikono alikuwa nayo: yake na ya Dorel, mwanawe wa pekee. Mwaka wa kwanza walivuna vizuri. Mwaka wa pili wakapanda palepale, na kiangazi hicho vijidudu vya manjano vikajaa kwenye ndevu za mahindi. Safta aliviona vizuri, akaviacha. Mwaka wa tatu, mahindi tena. Hasira hasara, lakini nani angethubutu kumwambia Safta?

Dorel alikuwa na binamu Italia, aliyekuwa akimwita huko kwenye kazi ya ujenzi.

"Mama, mahindi haya yakitoka salama, siendi," Dorel alisema wakipalilia. "Yakiharibika, usinizuie."

"Yatatoka," Safta alijibu. "Wewe piga jembe, acha mdomo."

Mwezi wa saba, upepo ulipita, tena wala haukuwa mkali. Asubuhi shamba zima lilikuwa limelala chini. Ng'ambo ya njia mahindi ya Toader, aliyoyapanda palipokuwa na ngano mwaka jana, yalisimama wima.

"Upepo gani huu unaochagua nyumba?" Dorel aliuliza.

Safta akashika bua moja, likang'oka kwa mkono mmoja kama kitunguu. Mizizi ilikuwa imeliwa yote. Kwenye udongo vilijikunja vijifunza vyembamba, vyeupe. Akang'oa la pili, la tatu, kisha akaketi chini.

Toader alikuja akasimama mpakani, kofia mkononi.

"Ingia," Safta alisema bila kumtazama.

"Uliyakataza magurudumu, shemeji. Mimi nina miguu." Hakuna aliyecheka. Akaokota bua, akaligeuza. "Ni wale wadudu wa manjano. Walitaga humu mwaka jana, na watoto wao hawali ila mizizi ya mahindi. Wangekuta ngano wangekufa njaa."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ungenifungulia lango?"

Safta alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia Toader.

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda kwa Toader kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akakimeza kiapo chake. Vuli atapanda ngano, na mashine ije kuvuna. Toader akakubali hata kabla hajamaliza kusema. Safta akarudi nyumbani karibu mbio.

"Dorel! Tumepatana na baba yako mdogo! Ardhi itapona, mwanangu. Mwakani ni ngano!"

Dorel alikuwa akipanga nguo kwenye begi. Akainua uso, na uso ule uling'aa.

"Afadhali, mama. Nilikuwa naondoka na moyo mzito, nikijiuliza nani atakusaidia. Ngano haina palizi. Sasa hunihitaji."

Alisema hivyo kumfariji. Safta akachukua shati lililobaki kitandani, akalikunja, akamkabidhi.